Vichwa vya Simba: Madonge ya Nguruwe ya Yangzhou Kwenye Jiko Lako

Usinunue nyama ya kusaga. Pishi hili linaanzia hapo, na ndipo wengi wetu tunapolikosea. Tumezoea kababu, na kababu inataka nyama iliyosagwa laini, ikandwe na mkate na viungo, itumbukizwe kwenye mafuta ya moto. Madonge ya Yangzhou yana njia yake. Nyama inakatwa kwa kisu, punje kwa punje, halafu inakaa saa mbili na zaidi kwenye supu inayotokota kwa upole, mpaka donge la ukubwa wa ngumi linakatika kwa kijiko bila kulazimishwa.

Wachina wanaliita shizitou, kichwa cha simba. Donge ndilo kichwa, na majani ya kabichi yaliyolegea kulizunguka ndiyo manyoya ya shingo, ya wale simba wa mawe wanaolinda milango ya mahekalu na majumba ya zamani ya China. Kwao ni Yangzhou, mji wa mkoa wa Jiangsu, karibu na pale Mfereji Mkuu unapokutana na mto Yangtze. Enzi za Ming na Qing, kati ya karne ya 14 na mwanzo wa karne ya 20, wafanyabiashara wa chumvi wa mji huo walitajirika kupita kiasi, wakawa wanashindana kwa wapishi wao. Humo ndimo ulimokomaa upishi wa Huaiyang, unaosifika kwa mambo mawili: ustadi wa kisu na usafi wa supu. Donge hili linayataka yote mawili, ndiyo maana nalipenda kuliko pishi lolote la upande ule.

Kuna simulizi kwamba Yang, mfalme wa Sui aliyechimbisha sehemu kubwa ya mfereji ule mwanzoni mwa karne ya 7, alipendezwa mno na mandhari ya Yangzhou, akawaamuru wapishi wabuni vyakula vinne kwa ajili ya sehemu nne alizozipenda, na kimojawapo kikawa donge la nyama. Jina la simba, wanasema, lilikuja baadaye, enzi ya Tang. Ni simulizi za mezani. Lililo wazi ni kwamba pishi hili halijawahi kushuka hadhi. Oktoba 1949, Jamhuri ya Watu wa China ilipotangazwa, wageni wa dhifa ya taifa katika Hoteli ya Beijing waliandaliwa vyakula vya Huaiyang. Waziri mkuu wa kwanza, Zhou Enlai, alikuwa mzaliwa wa Huai'an, mkoa huohuo wa Jiangsu. UNESCO nayo iliiweka Yangzhou kwenye orodha ya miji bunifu ya mapishi mwaka 2019, na Huai'an ikafuata mwaka 2021.

Basi twende jikoni. Tenga kama saa nne na nusu, ingawa kazi ya mikono haizidi saa moja na nusu. Zilizobaki ni za moto.

Nyama

Nenda bucha ya kitimoto asubuhi, kabla vipande vizuri havijaondoka. Unachotaka ni tumbo, ile sehemu ya tabaka: ngozi, mafuta, steki, mafuta, steki. Muuzaji atashika panga akukatie vipande vya kukaanga, kwa hiyo wahi kumwambia: "Kaka, nipe pande zima kama lilivyo, usilikate." Ongeza na kipande cha steki ya begani.

Kwa madonge sita unahitaji gramu 500 za tumbo, uzito wa baada ya kutoa ngozi, na gramu 150 za steki. Ukichanganya hivyo unapata takriban sehemu sita za steki kwa nne za mafuta. Najua wapo watakaosoma hapo na kushtuka. Tafadhali usipunguze. Yuan Mei, mshairi wa karne ya 18 aliyeandika sana kuhusu chakula, alisifia madonge ya bwana mmoja aitwaye Yang, makubwa kama kikombe cha chai, akaeleza kwamba mafuta na steki vilikuwa nusu kwa nusu. Yangzhou wapo hadi leo wanaozidisha mafuta kuliko steki majira ya baridi. Na mafuta hayo huyali yote. Sehemu kubwa inayeyuka ndani ya zile saa za kupika, inapanda juu ya supu, na wewe unaiengua kwa upawa. Kila punje ya mafuta iliyoyeyuka imeacha nafasi ndani ya donge, na supu ndiyo inayoingia humo. Donge la steki tupu halina nafasi hizo. Litakuwa gumu hata ulipike kutwa.

Ngozi usiitupe. Inaingia chini ya chungu na kuipa supu uzito.

Kuhusu usalama, nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Kwenye maeneo ambako nguruwe wanaachwa wajitafutie chakula, tegu bado ni tatizo la kweli, na Tanzania tunalo. Ukikata nyama ukaona vilengelenge vidogo vyeupe, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, vimejificha katikati ya steki, usiipike, irudishe. Na usionje mchanganyiko mbichi ili kupima chumvi. Chukua kidogo kwa ncha ya kijiko, chemsha kwenye sufuria ndogo mpaka kiive, ndipo uonje. Ubao na kisu vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa mboga.

Vitu vingine

Kwa madonge:
- tangawizi mbichi gramu 30
- vitunguu majani mashina 3
- maji nusu kikombe
- chumvi kijiko 1 cha chai kilichojaa, kama gramu 7
- pilipili manga nyeupe iliyosagwa, robo kijiko cha chai
- divai ya mchele ya Shaoxing, kijiko 1 cha chakula
- ute mweupe wa yai 1
- wanga wa mahindi (ule unga mweupe laini wa kukolezea mchuzi) vijiko 2 vya chakula, pamoja na mwingine wa kupaka mikononi
- biqi 8, ukizipata (nitazieleza hapa chini)

Kwa supu:
- mifupa ya nguruwe, au ya kuku, nusu kilo hadi kilo
- ngozi uliyoitoa kwenye tumbo
- tangawizi vipande 4, vitunguu majani 2
- divai ileile, kijiko 1 cha chakula
- kabichi ya Kichina kichwa 1
- maji lita 2 na nusu

Biqi ni kiazi kidogo kinachoota majini, jamaa wa ndago, yale magugu yanayotutesa mashambani. Nje ni kahawia, ndani ni cheupe, na ukikitafuna kinalia hata baada ya kupikwa. Kazi yake ni kuukata ule ulaini kwa kitu cha kutafuna. Kwa kawaida utazikuta za kopo kwenye maduka ya vyakula vya Asia. Ukikosa, tumia mzizi wa yungiyungi. Ukikosa na huo, acha kabisa. Usitie karoti wala kitunguu maji mahali pake: karoti inaleta utamu usiohitajika, kitunguu maji kinatoa maji na kulifungua donge.

Divai ya Shaoxing inatoka mkoa wa jirani, Zhejiang, na inaondoa ile harufu nzito ya nguruwe. Sheri kavu, ile divai ya Kihispania isiyo tamu, inashika nafasi yake vizuri. Asiyetumia kileo aongeze tangawizi, na harufu itatoka vilevile.

Kabichi ya Kichina ndiyo ile ndefu, yenye majani ya kijani hafifu yaliyofungana na mashina meupe. Kama haipo sokoni kwenu, chainizi inafaa, kwani ni ndugu yake wa karibu. Inalainika upesi zaidi, kwa hiyo nitakwambia uitie lini.

Supu kwanza

Anza na supu kwa sababu itajipika wakati unahangaika na nyama. Weka mifupa na ngozi kwenye sufuria, mimina maji baridi yafunike, bandika jikoni. Ikichemka, povu la kijivu litapanda. Acha dakika tano, mwaga maji yote, osha mifupa na ngozi kwa maji ya vuguvugu, na sufuria nayo uioshe. Wengi hapa kwetu tunaruka hatua hii, tunatosheka na kuengua povu. Kwa pishi hili usiruke. Supu ya Yangzhou inatakiwa iwe safi kiasi cha kuona chini ya bakuli.

Rudisha mifupa na ngozi, tia lita mbili na nusu za maji mapya, tangawizi, vitunguu majani na divai. Ikianza kuchemka punguza moto, iache itokote saa moja bila kuifunika kabisa. Usitie chumvi bado.

Kisu

Nyama iwekwe kwenye friza dakika 40 kabla ya kukatwa, mpaka inakuwa ngumu kidogo lakini kisu bado kinapita. Mafuta ya nguruwe yakiwa na joto yanateleza na kupondeka. Yakiwa baridi yanakatika kwa kingo safi, na kingo hizo ndizo unazozitafuta.

Noa kisu. Kisu butu kinaikamua nyama maji.

Tenganisha mafuta na steki kadiri unavyoweza. Steki ikate vipande vyembamba vya milimita tatu, uvilaze kimoja juu ya kingine, uvikate nyuzi, kisha uzigeuze nyuzi uzikate punje. Wapishi wa Yangzhou wanasema punje ziwe kama za komamanga, na kipimo hicho kinatosha. Ukikutana na mshipa mweupe mgumu, utoe. Mafuta nayo yakate hivyohivyo, ukubwa uleule au mdogo kidogo.

Sasa rundika steki peke yake ubaoni, uipige kwa kisu mara chache, labda dakika mbili, ukiigeuzageuza, mpaka punje zinaanza kushikana. Mafuta usiyapige hata kidogo. Wenyewe wana kanuni ya maneno manne: xi qie cu zhan, kata kwa unadhifu, piga kwa uchache. Mashine ya kusagia inafanya kinyume chake, inaponda kila kitu kuwa uji mmoja, mafuta yanapakaa kwenye steki, na donge likiiva linakuwa zito na kavu kwa wakati mmoja.

Hatua hii inachukua kama dakika 40 kwa mtu asiye na haraka. Ukiona nyama imeanza kulegea na kung'ang'ania kisu, irudishe friza kwa muda, unywe maji, uendelee.

Kuchanganya

Ponda tangawizi na vitunguu majani kwenye kinu kidogo, au kwa ubapa wa kisu, uloweke kwenye nusu kikombe cha maji baridi kwa robo saa. Kamua kwa mkono, chuja, tupa makapi. Unabaki na maji yenye harufu nzuri ya tangawizi bila nyuzi zake. Hayo ndiyo yanayoingia kwenye nyama.

Weka steki peke yake kwenye bakuli kubwa. Tia chumvi, pilipili manga nyeupe na divai. Ingiza mkono, tanua vidole, anza kuzungusha kwa upande mmoja tu. Ukianza kulia, ni kulia mpaka mwisho. Chumvi inayeyusha protini za nyama, na protini hizo ndizo gundi pekee ya kweli ya donge hili. Wanga na ute wa yai ni wasaidizi tu. Tia maji ya tangawizi kwa awamu tatu, kila mara ukisubiri yanyweke kabla ya kuongeza. Kwenye awamu ya kwanza nyama itaonekana imelowa na kuteleza, utadhani umeiharibu. Endelea. Baada ya dakika tano au sita inabadilika: inang'aa, inakuwa nzito, inaanza kuvuta mkono, na ukinyanyua vidole vinatoka na nyuzi nyembamba zilizonata kati ya kidole na kidole. Hapo imeshika.

Ndipo sasa utie mafuta, biqi zilizokatwa punje na kukamuliwa maji, ute wa yai na wanga. Zungusha upande uleule, dakika mbili tu, ilimradi vienee. Kisha nyanyua nyama yote kwa mkono mmoja na uipige chini ya bakuli. Inyanyue tena, uipige tena, mara ishirini hivi. Hewa inatoka, nyama inafungamana. Watoto wanaipenda kazi hii kama wapo nyumbani, ila wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada.

Funika, weka friji nusu saa.

Kuandaa chungu

Kama una chungu cha udongo, leo ndiyo siku yake. Yangzhou wanalipika donge hili kwenye chungu pia, kwa sababu ileile inayowafanya wazee wetu wapikie maharage na kisamvu humo: udongo unapokea moto taratibu na kuutoa taratibu. Kama huna, sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana inatosha. Sufuria nyembamba ya alumini iwekee bati chini yake, vinginevyo mboga za chini zitaungua.

Ng'oa majani sita makubwa ya nje ya kabichi, uyaweke pembeni yawe ya kufunikia. Mengine yakate vipande virefu. Tandika ngozi uliyoichemsha chini ya chungu, upande wa mafuta ukitazama juu, na juu yake mashina meupe ya kabichi. Kama unatumia chainizi, sasa hivi tandika ngozi na mifupa peke yake, na majani yake uyaache hadi dakika kumi za mwisho, ila machache makubwa ya kufunikia.

Chuja supu, imimine kwenye chungu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, uipashe mpaka inaanza kutetemeka juu bila kuchemka.

Kufinyanga

Koroga vijiko viwili vya wanga kwenye vijiko vinne vya maji, uuweke karibu. Lowesha viganja kwa maji hayo. Chota sehemu moja ya sita ya nyama, kama gramu 140, uirushe kutoka kiganja cha kulia kwenda cha kushoto na kurudi, bila kuiminya. Kila inapotua kiganjani inajiviringa yenyewe. Baada ya mirusho ishirini au thelathini uso wake unakuwa laini na umevaa utando mwembamba wa wanga. Utando huo ndio unaozuia nyufa. Mwenye haraka ataliviringa donge kwa nguvu kati ya viganja viwili, na litaiva gumu katikati. Afadhali donge lisilo duara kamili kuliko lililobanwa.

Litue kwenye upawa, uliteremshe polepole ndani ya supu ya moto. Usilidondoshe. Yapange yasigusane sana. Supu ifike angalau robo tatu ya kimo chake. Kisha funika kila donge kwa jani moja la kabichi. Jani hilo linalinda sehemu inayochomoza isikauke wala kubadilika rangi.

Moto

Funika chungu. Acha moto wa wastani mpaka supu ianze kuchemka pembeni, kisha ushushe chini kabisa. Kuanzia hapo, kwa saa mbili hadi mbili na nusu, unachotaka kuona ukifunua ni vipovu vichache vinavyopanda kimoja kimoja pembezoni, na katikati pametulia. Supu ikichemka kwa nguvu madonge yanagongana, yanapasuka, na mafuta yanavurugwa ndani ya supu mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa.

Jiko la mkaa ni zuri mno kwa kazi hii, pengine kuliko gesi, ambayo kwenye majiko mengi haishuki vya kutosha. Subiri makali ya mkaa yaishe, majivu yaufunike, tundu la hewa ulibane libaki kidogo. Ukiona unafifia, ongeza vipande viwili vitatu vilivyokwisha kuwaka, si vibichi. Mwenye gesi atumie pleti ndogo kabisa na bati chini ya chungu.

Usigeuze madonge. Usichome kwa uma kuangalia kama yameiva. Yanaiva ndani ya nusu saa ya kwanza. Muda uliobaki ni wa kulainisha. Mishipa laini ya nyama inageuka ute, mafuta yanayeyuka, supu inapenya. Ukitaka kuhakikisha, baada ya saa mbili funua, sogeza jani, ubonyeze donge kidogo kwa mgongo wa kijiko. Likitikisika lote bila kupasuka, liko tayari.

Kupakua

Ondoa majani ya kufunikia. Engua mafuta ya juu, taratibu, upawa ukiwa umelala. Utapata karibu kikombe. Yaweke, yanakaangia mboga vizuri sana. Onja supu, sasa ndipo urekebishe chumvi. Kama una majani machanga ya chainizi, yatumbukize dakika mbili mpaka yabadilike kuwa kijani iliyokolea.

Kila mtu apewe bakuli lake: kabichi kidogo chini, donge moja, supu mpaka nusu yake. Linaliwa kwa kijiko, si kwa vijiti, kwa sababu vijiti vitalivunja. Wali mweupe usio na viungo ndio mwenzake. Pilipili ya kusaga iache mbali siku hiyo. Ladha ya supu hii ni ndogo na ya ndani, na pilipili inaifuta.

Yangzhou wanalibadilisha kwa majira: machipukizi ya mianzi wakati wa kuchipua, nyama ya kaa na mayai yake ya rangi ya chungwa wakati wa vuli, kuku aliyekaushwa kwa upepo wakati wa baridi. La kaa ndilo linalotajwa zaidi. Aliye Pwani na kaa wa mikoko ajaribu gramu 80 za nyama ya kaa aliyechemshwa, azichanganye mwishoni pamoja na mafuta, na yale ya rangi ya chungwa ayabandike juu ya kila donge kabla ya kulitumbukiza.

Yale mekundu

Kuna namna ya pili, ya sosi ya soya. Hii ndiyo inayopatikana kwenye mikahawa mingi ya Kichina, na ni rahisi zaidi kwa anayeanza kwa sababu donge linakaangwa kwanza, kwa hiyo halivunjiki upesi. Changanya vilevile, ila maji ya tangawizi yawe theluthi mbili. Mimina mafuta kina cha vidole viwili kwenye karai, yapate moto, kaanga madonge mpaka yawe ya dhahabu pande zote. Ndani yatakuwa bado mabichi, na ndivyo inavyotakiwa.

Yapange kwenye chungu juu ya kabichi. Tia sosi ya soya ya kawaida vijiko 3 vya chakula, ile nyeusi nzito kijiko 1, sukari kijiko 1 na nusu, divai vijiko 2, anisi ya nyota 2, kipande cha mdalasini, tangawizi, na supu au maji mpaka yafike nusu ya madonge. Moto mdogo, saa moja na nusu. Mwishoni toa madonge, chuja mchuzi, uukoleze kwa kijiko cha wanga ulioyeyushwa kwenye maji, uumwage juu yake. Chumvi usiongeze kabla ya kuonja, soya imeshaleta ya kutosha. Mchuzi huu ni mzito na una utamu kidogo, na hata kwa ugali unakwenda.

Kaskazini mwa China, hasa Shandong, madonge ya namna hii huwekwa manne kwenye sahani moja na kuitwa sixi wanzi, madonge ya furaha nne. Hayakosekani kwenye harusi nyingi na meza za mwaka mpya. Furaha zenyewe, kwa hesabu ya zamani, ni mvua baada ya ukame mrefu, kukutana ugenini na mtu wa kwenu, usiku wa harusi, na kuona jina lako kwenye orodha ya waliofaulu mtihani wa kifalme. Kwa hiyo ukipika kwa ajili ya sherehe, fanya manne makubwa badala ya sita.

Kwa wasiokula nguruwe

China yenyewe ina Waislamu wa kabila la Hui zaidi ya milioni 10, na Xi'an wanajulikana kwa supu nzito ya asubuhi yenye vidonge vya nyama ya ng'ombe. Kwa hiyo hakuna haja ya kulikosa pishi hili. Chukua gramu 450 za nyama ya ng'ombe ya shingo au kidari na gramu 200 za mafuta yake, ukate kwa namna ileile, ila mafuta yawe madogo zaidi kwani ya ng'ombe ni magumu kuyeyuka. Acha divai, zidisha tangawizi, ongeza maji ya tangawizi vijiko viwili, na muda wa moto uwe saa tatu. Liwe la moto kabisa mezani, maana mafuta ya ng'ombe yanaganda upesi. Mapaja ya kuku pamoja na ngozi yake yanafaa pia, na saa moja inatosha.

Likienda kombo

Madonge yamevunjika chunguni: steki haikuzungushwa mpaka inate, au supu ilikuwa baridi ulipoyatumbukiza, au moto ulipanda. Kilichobaki kitie tambi au wali, kiwe supu ya nyama. Kitaliwa na hakuna atakayelalamika.

Ni magumu: mafuta hayakutosha, au uliyabana, au muda ulikuwa mfupi. Kama ni muda, rudisha jikoni saa moja zaidi. Kama ni mafuta, hakuna dawa kwa leo.

Yana harufu: nyama haikuwa mbichi ya siku hiyo, au mifupa haikuchemshwa na kumwagwa maji ya kwanza.

Supu imechafuka: moto. Ichuje kwa kitambaa safi, ladha haijapotea.

Ya kesho

Yaliyobaki yaache ndani ya supu yake, yapoe, uyaweke friji siku mbili hadi tatu. Mafuta yataganda juu, utayatoa kwa kijiko bila taabu. Siku ya pili ladha imekolea zaidi, kiasi kwamba nikiwa na wageni napika jana yake. Kupasha ni kwa moto uleule mdogo, chungu kimefunikwa, kama nusu saa, mpaka moto ufike katikati ya donge. Kwenye friza pia yanakaa, mradi yazame kwenye supu. Yakitoka humo yaachie friji usiku kucha yayeyuke, ndipo uyabandike.